Kijani Kisicholisha: Mathenge na kutoweka kwa watoto wa mgunga Turkana

Barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma hupita katika nyika ya mawe na mchanga kwa zaidi ya kilomita mia moja, kisha mbele panatokea mstari wa kijani. Ni ukingo wa Tarach, mto wa msimu unaofurika ghafla mvua ikinyesha na kubaki mchanga mtupu kwa miezi. Mgeni akiuona mstari huo hushusha pumzi. Kijani katika nchi kavu ni habari njema kwake, na wengi waliofika katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa 1992, wameondoka wakiamini kwamba hapo angalau miti ipo.

Mchungaji wa mbuzi hatosheki na kijani. Huuliza ni mti gani, una umri gani, na chini yake kunaota nini. Ukiuliza hivyo ukingoni mwa Tarach leo, jibu hurudi lilelile kila baada ya hatua chache: ni mathenge, tena mathenge, na chini yake udongo mtupu uliofunikwa vijitawi na miiba. Hapa na pale mgunga mkongwe umeinua mwavuli wake juu ya kichaka hicho. Inama utafute mtoto wa mgunga chini ya mzazi wake. Humwoni kwa urahisi.

Msitu unaweza kufa huku idadi ya miti ikiongezeka. Hilo ndilo linalotokea Turkana, na kwa kuwa macho yetu yamezoea kupima uharibifu kwa visiki na ardhi iliyo wazi, tunapita karibu na msiba huu tukidhani tumepita bustanini.

Mwenyeji wa kingo hizi ni mgunga ambao Waturkana huuita ewoi. Haujawahi kukaa peke yake. Pamoja nao husimama esekon, mti wa mswaki, ambao watoto hula matunda yake. Edapal, ambao mbegu zake huchemshwa kwa muda mrefu njaa inapobana. Edome, wenye fito nzuri na matunda matamu. Na eengol, mkoma ambao makuti yake husukwa vikapu. Kila mmoja una msimu wake wa kuwafaa watu. Lakini uliobeba mzigo mkubwa ni ewoi. Kiangazi kikikaza na nyasi zikiisha, huangusha maganda yaliyojikunja, yanayoitwa ngitit, na mbuzi huishi kwayo mpaka mvua irudi. Maganda hayo hukusanywa, huwekwa akiba, hata huuzwa. Chini ya mti huohuo watu wazima hukaa kuamua mambo, wanawake hupumzisha mizigo, na mbuzi wachanga huachwa wazazi wao waendapo malishoni.

Kivuli chake nacho hulisha. Jake Weltzin na Michael Coughenour, katika utafiti wao wa kaskazini magharibi mwa Kenya uliochapishwa 1990, walionyesha kuwa nyasi na mimea midogo ilikuwa mingi zaidi chini ya mwavuli wa mgunga kuliko nje yake, na udongo wa hapo ulikuwa na rutuba zaidi. Mti hupunguza jua, majani yake huoza, wanyama wanaopumzika huacha samadi, na nyasi hushukuru. Kwa hiyo kila ewoi ni kitovu cha kijiji cha mimea. Ukiondoka, kijiji chote kinakosa mwenyewe.

Kandokando ya mto Turkwel, miti hii ilikuwa na wenyewe kwa maana nyingine pia. Edmund Barrow, aliyefanya kazi ya misitu na jamii za Turkana kwa miaka mingi, aliandika 1990 kuhusu ekwar, utaratibu unaoipa familia haki juu ya sehemu fulani ya msitu wa kando ya mto: maganda ya kiangazi ni yao, na mgeni huomba kwanza. Haikuwa hati miliki, na haikuzuia watu kupita, lakini ilihakikisha kwamba kila mgunga una mtu anayeujua na anayeudai. Maofisa waliokuja na dhana kwamba wafugaji hawajui kutunza miti walikuwa wamesimama ndani ya msitu uliotunzwa na wafugaji.

Tena, kwa kiasi kikubwa, wafugaji hao walikuwa wameupanda. Robin Reid na James Ellis walichunguza jambo hili Turkana kusini na kuchapisha matokeo yao 1995. Waliona kwamba miche ya ewoi ilikuwa imesongamana ndani ya mazizi ya zamani yaliyohamwa. Njia yake ni hii: mbuzi hula maganda, jioni hurudi zizini, mbegu hutoka na kinyesi, na samadi huzilalia. Familia ikihama, mvua ikinyesha vizuri, zizi tupu huchipua duara la migunga. Miaka mingi baadaye duara hilo ni kichaka chenye kivuli, na pengine wajukuu wa wenye zizi wanakaa chini yake bila kujua babu yao ndiye aliyekipanda kwa kuhama tu.

Mdudu naye ana nafasi katika hadithi hii, na si ndogo. Ndani ya ganda la ewoi mara nyingi yumo mdudu wa jamii moja na wale wanaotoboa kunde ghalani. Jike hutaga yai kwenye ganda, kiwavi huingia ndani ya mbegu, huila, kisha mdudu mzima hutoka kwa kitundu cha mviringo. Maganda yakilala muda mrefu chini ya mti, mbegu nyingi hubaki magamba matupu. Mbuzi anayeyaokota mapema humwahi mdudu, na tumbo lake hulilainisha gamba gumu la mbegu zinazopita salama. Mgunga, mdudu na mbuzi walikuwa katika mvutano wa zamani ambao hakuna aliyeushinda kabisa, na kutokana na mvutano huo msitu ulipata watoto wa kutosha, si wengi mno wala wachache mno.

Ndipo mathenge ukaja.

Asili yake ni Amerika. Kumbukumbu za kwanza za kupandwa kwake Kenya ni za 1973 huko Bamburi, Mombasa, kwa mbegu kutoka Brazil na Hawaii, ili kufunika machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya ukame mkali, miradi ya serikali na wafadhili iliupeleka Baringo na Turkana. Ulichaguliwa kwa sababu haufi: mbuzi hawapendi majani yake, ukikatwa huchipua vigogo vingi kutoka kisiki kimoja, na mizizi yake huyafuata maji popote yalipo. Huko Arizona, Marekani, mzizi wa jamaa yake mmoja ulikutwa mgodini zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Sifa zilizofanya upendwe na wapandaji ndizo zilizofanya usizuilike.

Mathenge haukuvunja mlango wa nyumba ya ewoi. Ulipita mlangoni kwa mwaliko. Maganda yake ni matamu, yana sukari nyingi, na mbuzi, ng'ombe, punda na ngamia huyakimbilia. Mbegu zake ngumu hupita tumboni zikiwa hai na kutua zizini, kwenye samadi ileile iliyokuwa kitanda cha mgunga. Njia ya zamani ya kupanda msitu, ambayo Waturkana hawakuhitaji kufundishwa na mtu, sasa hupanda mti mwingine. Na tofauti moja kubwa ni ile ya wadudu. Ewoi umebaki na maadui wake wote, wakiwemo watoboa mbegu. Mathenge ulipovuka bahari uliwaacha wa kwao nyuma. Katika mashindano ya mbegu, mmoja anakimbia akiwa amefungwa mawe miguuni na mwenzake anakimbia mtupu.

Matokeo yake yamepimwa. Gabriel Muturi wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, na wenzake walilinganisha sehemu za msitu wa Turkwel zenye migunga, zenye mathenge na zenye mchanganyiko, na kuchapisha 2013. Mimea midogo ilikuwa haba na ya aina chache pale mathenge ulipotawala, na mwelekeo waliouona ni wa msitu wa migunga wenye nyasi kugeuka, pole kwa pole, kuwa msitu wa mathenge usio na nyasi. Sababu ni zaidi ya moja. Vichaka vyake husongamana hadi mwanga haufiki chini. Mizizi yake hunyonya maji ya juu na ya chini. Majani yake yanapooza hutoa kemikali zinazozuia mbegu nyingine kuota. Mche wa ewoi, unaohitaji jua la kutosha na unyevu wa majuma machache ya mwanzo, hauna pa kusimama.

Kuelewa ukubwa wa jambo hili kunasaidiwa na msiba wa mbali. Mwaka 2002, karibu na jiji la Detroit nchini Marekani, aligunduliwa mdudu wa kijani anayemeta, mwenye asili ya Asia Mashariki, ambaye viwavi wake huchimba mifereji chini ya gome la mti uitwao ash na kukata njia ya chakula cha mti. Tangu wakati huo ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo. Wanaikolojia waliofuata nyayo zake waligundua kuwa kifo cha mti ni mwanzo tu. Paa la msitu likitoboka, jua hushuka, na vichaka vya kigeni vilivyokuwa vikisubiri chini hufumuka kabla ya miche ya kienyeji. Miti mikubwa ikiisha kufa, hakuna tena wa kutoa mbegu, na miche iliyobaki ni yatima.

Turkana ni kinyume cha hayo, na mwisho wake unafanana. Kule mdudu huua wazazi na kuwaacha watoto; hapa mathenge huwaacha wazazi na kuzuia watoto. Kule jua huingia mno, hapa hunyimwa. Msiba wa Detroit ulionekana haraka, kwa kuwa mti mkubwa uliokauka mbele ya nyumba hauwezi kufichika. Wa kwetu unaweza kujificha kwa maisha ya binadamu mzima, kwa sababu ewoi mkongwe bado umesimama, bado unaangusha ngitit, na wapiga picha bado wanaupenda. Siku utakapoanguka ndipo tutakapouliza mrithi wake yuko wapi, na tutakuwa tumechelewa miaka 40.

Nzige wa jangwani walipoingia Turkana 2020, nchi nzima ilijua. Ndege zilinyunyiza dawa, mawaziri walisafiri, magazeti yaliandika kila siku. Ilikuwa haki. Lakini nzige walikula, wakaruka, na nyasi zikarudi na mvua. Mathenge haujaondoka popote tangu uliposhushwa kwenye lori la mradi, na sijapata kuona helikopta iliyotumwa kwa ajili yake.

Si haki kuutwika lawama zote. Bwawa la Turkwel lilikamilika 1991, na tangu hapo mafuriko yaliyokuwa yakienea kingoni hadi Lodwar na mbele yake yamefugwa. Mafuriko hayo ndiyo yaliyolowesha udongo kwa kina cha kutosha mche wa mgunga kushusha mzizi kabla ya kiangazi. Yakipungua, wanaoumia kwanza ni miche. Tarach hauna bwawa kama hilo, na bado mathenge umeushinda ukingo wake. Kwa hiyo bwawa haliwezi kuwa kisingizio cha kila mahali, ila Lodwar haitaupata msitu wake wote kwa kung'oa mathenge peke yake.

Shoka pia lilikuwapo. Watu zaidi ya laki mbili, ukijumlisha Kakuma na makazi ya Kalobeyei, hupika kila siku. Wakimbizi walipotoka kutafuta kuni wenyewe miaka ya mwanzo, mizozo na wenyeji ilikuwa mikali, na wanawake walishambuliwa porini. Kuni zilianza kugawiwa ili kupunguza hatari hiyo, lakini mgao haukuwahi kutosha, na pengo limezibwa na wanawake wa Kiturkana wanaobeba makaa na kuni kichwani hadi lango la kambi na kubadilishana kwa unga, mafuta au shilingi. Sehemu kubwa ya mzigo huo siku hizi ni mathenge. Hili lazima lisemwe waziwazi: bila mti huu, ewoi mingi zaidi ingekuwa imekwisha kuwa makaa. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa magunia hayo. Anayesimama Nairobi na kutaka kila mathenge ung'olewe kesho anawanyang'anya wanawake hawa mlo wa jioni.

Wengine wamelipia gharama nyingine. Wafugaji wa Ilchamus wa Baringo walikwenda mahakamani 2006 kuishtaki serikali kwa kuwaletea mti huu, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani Nairobi kama ushahidi wa kile ambacho sukari ya maganda hufanya. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa magugu hatari. Kuna hata suala la mbu: utafiti uliofanywa Mali na kuchapishwa 2017 uliona kwamba vijiji vilipoondolewa matawi yenye maua ya mathenge, mbu wa malaria walipungua sana, kwa kuwa mbu hunywa utamu wa maua ili kuishi muda mrefu. Kakuma, ambako malaria hupanda kila mvua zinaponyesha, utafiti kama huo ungestahili kufanywa haraka.

Nchi nyingine zimeamua kuwafuata wadudu walioachwa nyuma. Afrika Kusini iliachilia mdudu mtoboa mbegu za mathenge kutoka Amerika mwaka 1987, na wa pili 1993. Walichagua waharibifu wa mbegu kwa makusudi, ili wakulima waendelee kupata kivuli, kuni na maganda huku uenezi ukipungua. Mpango ulikuwa mzuri, lakini mifugo iliyala maganda kabla ya wadudu kuyafikia, na mbegu nyingi zikaokoka tumboni. Australia ilikwenda mbali zaidi: 1998 iliachilia nondo mdogo ambaye viwavi wake hufunga na kuharibu majani, na katika eneo la Pilbara ukuaji wa miti ulipungua. Hapa kwetu Kenya, katika Laikipia, dungusi vamizi limekuwa likidhoofishwa tangu 2014 na mdudu wa kochinili, na malisho yameanza kurudi sehemu kadhaa.

Ninaunga mkono njia hii, kwa sharti moja lisilo na mjadala: mdudu yeyote ajaribiwe kwanza kwa ewoi. Mathenge na mgunga ni wa ukoo mmoja wa mimea ya kunde, na mdudu anayekosea mlango angeumaliza mti tunaotaka kuuokoa. Kenya inajua uchungu wa mdudu mgeni. Mwaka 1990 vidukari vya misaipresi, vilivyokuwa vimeonekana Malawi 1986, viliingia nchini. Nyua za mashamba ziligeuka kahawia, mashamba ya serikali ya misaipresi yalikauka, na mtarakwa wa asili, ambao ni jamaa, ukashambuliwa pia. Nafuu ilipatikana baada ya nyigu mdogo anayetaga ndani ya vidukari hivyo kuletwa miaka ya 1990. Mtarakwa huo hukua pia juu ya vilima vya Loima, magharibi ya Lodwar, na kwa sababu hiyo mtu wa Turkana hana anasa ya kuona wadudu wa miti kama habari za nyanda za juu.

Lakini mdudu hafanyi kazi ya mtu. Somo la Afrika Kusini liko wazi: maganda yakiachwa kwa mifugo, mbegu zitasafiri. Yakikusanywa, yakakaushwa na kusagwa mpaka mbegu ivunjike, huwa chakula cha mifugo kisichopanda kitu, na yakichanganywa na malisho mengine hayang'oi meno. Mashine ya kusaga haigharimu kama semina. Makaa ya mathenge yaruhusiwe na yapewe soko la haki Kakuma na Kalobeyei, na yule mwanamke wa gunia alipwe zaidi akileta visiki vilivyochimbuliwa kuliko matawi, maana tawi likikatwa kisiki hucheka.

Na pale kisiki kilipotoka pasiachwe wazi, kwa sababu mathenge ndio wa kwanza kurudi. Hapo ndipo mazizi ya zamani yanapohitajika. Kabla ya mvua ndefu, zizi lililohamwa lenye samadi nene lizungushiwe matawi ya miiba ya mathenge yenyewe, mbegu za ewoi zilizopita tumboni mwa mbuzi zimwagwe humo, kila chipukizi la mathenge ling'olewe likiwa bado dogo, na mbuzi wazuiwe mpaka miche ipite kimo cha midomo yao. Anayestahili kulilinda zizi hilo ni familia yenye ekwar, si kamati iliyoundwa kwa ajili ya mradi wa miaka mitatu. Serikali ya kaunti inaweza kuandika haki hizo katika sheria zake za misitu na malisho, zikiwa na majina ya wenyewe na mipaka wanayoijua, na kuanza na kingo za Tarach ambako kambi na mji vinakutana na ambako mgunga umebaki wa kuhesabika.